John Muir na bonde la Hetch Hetchy: watetezi wa mazingira walipogawanyika

Wengi wetu tukisikia habari za watetezi wa mazingira hudhani ni kundi moja lenye sauti moja. Sivyo. Wamo wenye msimamo mkali, wanaosema msitu fulani au mto fulani usiguswe kabisa. Wamo pia wenye msimamo wa wastani, wanaosema utumike, ila kwa kipimo, ili na wajukuu wakute kitu. Hata katika parokia zetu mabishano haya yapo. Tukipanda miti nyuma ya kanisa, haipiti miaka mingi kabla mtu hajauliza kama tunaweza kukata michache kwa ajili ya madawati ya shule, na papo hapo atapatikana wa kumjibu kwamba miti ile haikupandwa ili ikatwe. Wote wawili wanaipenda miti, na ndiyo maana ugomvi wao ni mgumu kuumaliza.

Makala hii inasimulia maisha ya mtu aliyeishi ndani ya ugomvi huo hadi ukamgharimu marafiki. Ni John Muir, Mskoti aliyehamia Marekani, ambaye wengi humwita baba wa hifadhi za taifa za nchi ile. Hakuwa Mkatoliki, wala hakuwa mtakatifu, nami sitamfanya kuwa mtakatifu.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1838 huko Dunbar, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uskoti. Mwaka 1849 baba yake, Daniel Muir, aliihamishia familia Wisconsin, Marekani, wakafyeka msitu na kuanza shamba. Daniel alikuwa Mkristo wa kundi la Kiprotestanti lenye ukali mwingi, na ukali huo aliupeleka nyumbani. Alimlazimisha mwanawe kukariri Maandiko, na asipokariri alichapwa. Kufikia umri wa miaka kumi na mmoja John aliweza kusema kwa moyo Agano Jipya lote na sehemu kubwa ya Agano la Kale. Maneno hayo hayakumtoka maisha yake yote. Alipokuja kuandika juu ya milima, lugha aliyoitumia ilikuwa ya zaburi na manabii, hata pale ambapo kanisa la baba yake alikuwa amekwisha kuliacha.

Kuna kisa kimoja cha ujana wake ambacho naona kinaeleza mengi. Katika shamba lao la pili maji hayakupatikana karibu, hivyo baba alimwagiza John achimbe kisima. Chini ya udongo kulikuwa na mwamba. Kwa miezi mingi kijana yule alishushwa kila asubuhi ndani ya shimo jembamba akiwa na nyundo na patasi, akauvunja mwamba kidogo kidogo mpaka jioni. Alipofika kina cha futi themanini hivi, siku moja alikuta hewa ya sumu imejikusanya chini usiku, akaanza kuishiwa nguvu. Alivutwa juu akiwa nusu mfu. Baada ya siku chache za kupumzika, alirudishwa shimoni amalizie, hadi futi tisini. Maji yalipatikana. Mtu aliyechimba maji kwa namna hiyo hawezi kuambiwa baadaye kwamba hajui thamani ya maji kwa binadamu. Naomba tulikumbuke hilo tutakapofika kwenye habari za bwawa.

Alikuwa fundi hodari wa kubuni mashine. Alitengeneza saa za mbao, na kitanda ambacho saa ikifika humwinua mlalaji na kumsimamisha sakafuni (waseminari wanaochelewa masifu ya asubuhi wangefaidika nacho). Ufundi huo ulimfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alikosoma miaka michache pasipo kuchukua shahada. Mwaka 1867 alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sehemu za magari ya farasi mjini Indianapolis. Tupa ikamponyoka, ncha yake ikamchoma jicho la kulia. Jicho la pili nalo likazima kwa mshtuko. Alilala wiki kadhaa katika chumba chenye giza bila kujua kama ataona tena. Kuona kuliporudi, aliacha viwanda. Alitembea kwa miguu kama maili elfu moja mpaka Ghuba ya Meksiko, akaugua malaria kule Florida, na Machi 1868 akashuka melini San Francisco.

Kutoka hapo alikwenda milimani. Majira ya joto ya mwaka 1869 aliajiriwa kuongozana na kundi la kondoo wapatao 2,000 katika milima ya Sierra Nevada. Kazi ile ndiyo iliyomfanya mtetezi. Aliona malisho yenye maua yakigeuka vumbi baada ya kondoo kupita mara moja tu. Baadaye alikaa katika bonde la Yosemite, akajenga na kuendesha mashine ya kupasua mbao, akisema kwamba miti anayoipasua ni ile iliyoangushwa na upepo. Kila alipopata nafasi alipanda majabali peke yake akiwa na mkate na majani ya chai mfukoni. Alikuja na hoja kwamba bonde lile lilichongwa na mito ya barafu. Mkuu wa upimaji miamba wa California, Josiah Whitney, alidai kwamba sakafu ya bonde ilididimia ghafla, akamdharau Muir kama mchunga kondoo tu. Mchunga kondoo ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Mwaka 1880 alimwoa Louie Strentzel, wakajaliwa mabinti wawili, na kwa miaka kama kumi aliendesha shamba la matunda la familia ya mkewe huko Martinez. Alilima zabibu na peasi, akauza vizuri, akaweka akiba ya kutosha. Wanaomchora Muir kama mtu wa porini asiyejua gharama ya chakula huiruka miaka hiyo.

Mwaka 1889 mhariri wa gazeti moja kubwa la New York, Robert Underwood Johnson, alikuja California, wakapiga kambi pamoja milimani. Johnson aliona jinsi malisho ya juu yalivyoharibiwa, akamshawishi Muir aandike. Makala zake mbili, pamoja na kazi ya Johnson ya kuwaendea wabunge, zilisaidia kuzaliwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Yosemite tarehe 1 Oktoba 1890. Ndani ya mipaka ya hifadhi hiyo lilikuwamo bonde jingine upande wa kaskazini, ambalo mto Tuolumne hupita katikati yake. Liliitwa Hetch Hetchy. Muir alilihesabu kuwa ndugu mdogo wa Yosemite: kuta za mawe, maporomoko mawili makubwa, na uwanda wa nyasi na mialoni.

Ili hifadhi ilindwe ilihitajika jumuiya. Tarehe 28 Mei 1892 watu kadhaa, wakiwamo maprofesa na mawakili, walikutana San Francisco katika ofisi ya wakili Warren Olney wakaanzisha Sierra Club. Muir alichaguliwa rais, akabaki rais mpaka kufa kwake. Lishike jina hilo la Olney.

Sasa twende kwa mtu wa pili wa kisa hiki. Gifford Pinchot alizaliwa mwaka 1865 katika familia tajiri ya mashariki ya Marekani, akasomea misitu Ufaransa, kwa sababu nchini kwake taaluma hiyo ilikuwa bado haijafundishwa. Mwaka 1896 serikali iliteua tume ya kuikagua misitu ya magharibi. Pinchot alikuwa mjumbe, na Muir alialikwa kufuatana nayo. Walipendana haraka, ingawa Muir alimzidi mwenzake kwa karibu miaka thelathini. Huko Grand Canyon waliwaacha wenzao hotelini, wakalala nje kando ya moto wakipiga hadithi mpaka usiku wa manane. Pinchot alisimulia baadaye kwamba walikutana na buibui mkubwa mwenye manyoya, naye Muir akamkataza kumuua, kwa kuwa mdudu yule alikuwa na haki ya kuwapo mahali pale sawa na wao.

Tofauti yao yote imo katika kisa cha buibui. Kwa Pinchot, msitu ni mali ya watu wote, na dhambi ni kuuacha uporwe na wachache au uteketezwe ovyo. Ukatwe kwa mpango, malisho yatolewe kwa kibali, maji yazuiwe yatumike, manufaa yawafikie wengi kwa muda mrefu. Kwa Muir, msitu una thamani kabla mtu hajaufikia na hata kama mtu hataufikia kamwe. Mseminari aliyesoma kitabu cha Mwanzo ataona kwamba kila mmoja ameshika upande wa jambo moja. Mungu aliona viumbe vyake kuwa vyema siku ambazo binadamu bado hajaumbwa. Hapo Muir anapata nguvu. Lakini alipomweka mtu bustanini alimpa kazi mbili kwa pamoja, ya kulima na ya kulinda, na Pinchot hawezi kulaumiwa kwa kukumbuka ile ya kwanza.

Kwa muda kidogo walifanya kazi bega kwa bega. Mwaka 1897 Rais Cleveland alitenga akiba kumi na tatu mpya za misitu, na wote wawili walizitetea dhidi ya makampuni ya mbao. Lakini akiba hizo zingetumiwaje? Pinchot alikubali kondoo waingie kwa masharti. Muir, aliyewahi kutembea nyuma ya kondoo wale, hakuweza kukubali. Mwaka 1905 Pinchot akawa mkuu wa kwanza wa Idara ya Misitu ya Marekani, na mshauri wa karibu wa Rais Theodore Roosevelt. Rais huyo huyo alikuwa amelala nje usiku mara tatu pamoja na Muir huko Yosemite Mei 1903, siku moja wakaamka wamefunikwa na theluji. Roosevelt aliwapenda wote wawili. Alipotakiwa kuamua, mara nyingi alielekea kwa Pinchot, na sioni ajabu: wapiga kura hawaishi juu ya majabali.

Mji wa San Francisco ulikuwa na shida ya maji kwa miaka mingi. Umezungukwa na bahari pande tatu, mvua yake ni ya msimu, na maji yalikuwa mikononi mwa kampuni moja binafsi iliyouza ghali na kuchukiwa na wengi. Mwaka 1901 meya James Phelan aliomba haki ya kujenga bwawa Hetch Hetchy. Bonde lilifaa mno kwa shughuli hiyo: sakafu tambarare, mdomo mwembamba, maji safi ya theluji. Waziri aliyehusika alikataa kwa sababu eneo ni hifadhi ya taifa. Kisha alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi liliupiga mji, na moto ukawaka siku tatu. Watu wapatao 3,000 walikufa, na zaidi ya 200,000 walikosa makazi. Mabomba ya zima moto yalikuwa makavu. Ni kweli kwamba tatizo la siku zile lilikuwa mabomba yaliyokatika ardhini, wala si upungufu wa maji kwenye mabwawa ya kampuni. Lakini mtu aliyeona nyumba yake ikiungua mbele ya bomba kavu hahitaji maelezo ya kihandisi. Mwaka 1908 waziri mpya, James Garfield, alitoa kibali, na Pinchot aliunga mkono waziwazi. Mwaka huo huo Ikulu iliitisha mkutano mkubwa wa magavana juu ya utunzaji wa maliasili. Muir hakualikwa.

Hapa ndipo ugomvi ulipoingia ndani ya nyumba. Wanachama wengi wa Sierra Club walikuwa wakazi wa San Francisco na miji jirani. Walipenda milima, na walihitaji maji ya kunywa. Warren Olney, yule ambaye chama kilizaliwa ofisini mwake, alikuwa amewahi kuwa meya wa Oakland ng'ambo ya ghuba, na alijua kwa undani hofu ya mji usio na maji. Aliona kwamba bonde moja kati ya mengi si bei kubwa mno kwa maji ya maelfu ya familia, na kwamba ziwa katikati ya milima nalo lina uzuri wake. Hakuwa fisadi, wala hakuwa na hisa za kuuza. Alikuwa mpanda milima mwaminifu aliyepima mambo akafika mahali tofauti na rais wake.

Chama kilipowekwa njia panda, wale wa msimamo mkali waliunda mwaka 1909 jumuiya nyingine ya kutetea hifadhi za taifa, ili wapigane bila kusubiri kura ya wote. Januari 1910 kura ikapigwa hata hivyo: wanachama 589 walitaka bonde lihifadhiwe, 161 walitaka liachiwe mji. Olney alijiuzulu. Akaondoka kimya katika chama alichokianzisha.

Nikisoma habari hizi, hapa ndipo namwona Muir akipungukiwa. Katika maandishi yake ya miaka ile aliwaeleza waliotaka bwawa kama waabudu fedha na wanajisi wa hekalu. Wapo waliostahili, siasa za maji za San Francisco zilijaa tamaa. Lakini Olney hakustahili. Katika lugha ile kali hapakubaki nafasi ya ndugu anayekosea kwa nia njema, au pengine asiyekosea. Baba yake Daniel angeitambua sauti hiyo.

Tusimgeuze Muir kuwa mtu asiyejua kupatana, maana katika mapambano hayo hayo watu wake walikuwa tayari kuona barabara na hoteli zikijengwa Hetch Hetchy ili watalii walifikie. Walijua Bunge halitalinda bonde kwa sababu ya uzuri peke yake, hivyo nao wakahubiri matumizi: mapato ya utalii, afya ya watu wa mjini, mapumziko. Mtu mkali akitaka kushinda hulazimika kuazima hoja za mtu wa wastani. Wahandisi nao walikiri kwamba maji yangeweza kupatikana kwenye mito mingine, ila kwa gharama kubwa zaidi. Kwa hiyo swali halikuwa maji au kiu. Lilikuwa kama bonde lile lilistahili hiyo tofauti ya gharama, na nani ailipe.

Katikati ya vita hivyo, akiwa na miaka 73 na mjane tangu mwaka 1905, Muir alifanya safari ambayo wasomaji wetu wengi hawaijui. Agosti 1911 alipanda meli kwenda Amerika ya Kusini kuiona Amazoni, na kutoka huko akavuka bahari mpaka Afrika. Aliona maporomoko ya Victoria na mibuyu iliyo karibu nayo, akafurahi kama mtoto. Akapanda pwani hadi Mombasa, akachukua treni mpaka Nairobi na Ziwa Victoria, akaenda kuona mahali Nile inapotoka ziwani. Maporomoko ya Ripon, yaliyokuwapo Jinja enzi hizo, hayapo tena. Yalizamishwa na bwawa la Owen Falls lililokamilika mwaka 1954. Ni Hetch Hetchy ya kwetu, kwa namna fulani. Sijawahi kumsikia mtu wa Uganda akiomba taa zizimwe ili maporomoko yarudi, nami nisingethubutu kumshauri hivyo. Lakini nadhani ni haki kujua kwamba kilikuwapo kitu pale, na kwamba kilitolewa.

Muir alirudi Marekani Machi 1912 akakuta mambo yanaelekea mwisho. Mwaka 1913 muswada wa bwawa ulifika bungeni. Pinchot alikwenda mbele ya kamati akautetea. Magazeti mengi nchini yaliandika kuupinga, barua za wananchi zikamiminika, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa ajili ya bonde ambalo wengi wa walioandika hawakuliona wala wasingeliona. Tarehe 6 Desemba Seneti ilipitisha kwa kura 43 dhidi ya 25. Rais Woodrow Wilson alitia saini tarehe 19 Desemba.

Muir alikuwa amechoka. Alirudi Martinez, akaendelea kuandika kitabu chake cha safari za Alaska. Desemba mwaka uliofuata alikwenda jangwani kumtembelea binti yake Helen, akapata baridi iliyogeuka nimonia. Alipelekwa hospitali Los Angeles, akafa tarehe 24 Desemba 1914, mkesha wa Noeli, muswada wa kitabu hicho ukiwa karibu na kitanda chake. Alizikwa Martinez kando ya mkewe.

Yaliyofuata yanahitaji kusemwa, kwa sababu pande zote mbili hudai urithi wake. Mwaka 1916 Bunge liliunda idara maalumu ya hifadhi za taifa, na makelele ya Hetch Hetchy yalichangia sana. Aliyeshindwa alikuwa amewafundisha wananchi kwamba mahali panaweza kutetewa. Katika miaka ya 1950 Sierra Club, ikiongozwa na David Brower, ilizuia bwawa la Echo Park kwa kuwakumbusha wabunge bonde lililozama. Brower naye alionekana mkali mno, akalazimika kuondoka mwaka 1969, akaanzisha Friends of the Earth. Mwaka 1980 wengine walioona hata hao wamelegea wakaanzisha Earth First!, na baadhi yao wakaunga mkono kupigilia misumari mirefu ndani ya miti ili misumeno iharibike. Mwaka 1987 mfanyakazi wa kiwanda cha mbao California aliumizwa vibaya usoni msumeno ulipogonga msumari, ingawa haikuthibitishwa nani aliupigilia. Muir aliendesha msumeno wa namna hiyo kwa mikono yake, na alijua maana ya chuma kupenya jichoni. Aliandika kwa ukali, akatumia kura, barua na magazeti. Mtego kwa kibarua hakuwahi kuutega. Tofauti ya ukali wa msimamo na ukali wa kudhuru ni kubwa, na tunapolaumu wenye msimamo mkali tusivichanganye.

Lipo pia kosa jingine la Muir, nalo liliwahusu watu. Yosemite haikuwa tupu. Mwaka 1851 wanamgambo waliwafukuza Waahwahneechee waliokuwa wakiishi bondeni, na hata jina Hetch Hetchy linatokana na lugha ya wenyeji. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 Muir aliwaeleza wenyeji wa Sierra kama watu wachafu wasiofanana na usafi wa milima. Juu ya Watlingit wa Alaska, aliowatembelea katika safari zake, aliandika kwa heshima zaidi. Lakini picha ya pori safi lisilo na watu ilikwisha kusafiri. Ilifika kwetu pia. Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti ili hifadhi isiwe na wakazi, na Ngorongoro ikatengwa kama eneo la kuishi pamoja watu, mifugo na wanyamapori. Hekalu la Muir upande mmoja, mpango wa Pinchot upande wa pili, na mpaka leo hatujamaliza kubishana. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015 juu ya utunzaji bora wa mazingira nyumba ya wote, alikataa kuvitenganisha vitu hivi: viumbe vina thamani yake mbele ya Mungu, na kilio cha dunia hakisikiki vizuri kwa asiyesikia kilio cha maskini. Muir aliisikia nusu ya kwanza kuliko karibu wote wa wakati wake.

Ukuta wa bwawa ulikamilika mwaka 1923, na maji yakafika San Francisco mwaka 1934. Leo yanawafikia watu zaidi ya milioni mbili, na ni masafi hasa. Mwaka 2012 wakazi wa mji huo waliulizwa kwa kura kama ufanyike mpango wa kulikausha ziwa na kulirudisha bonde. Zaidi ya robo tatu walikataa.